Kiraka cha APK

Kiraka cha APK ni faili dogo lenye tofauti tu kati ya toleo la zamani na toleo jipya la programu ya simu za Android. Simu huunganisha kiraka na faili la zamani, ikapata toleo jipya kamili bila kupakua programu yote upya.

Muundo wa APK

Programu ya Android hufungashwa katika faili lenye mwisho wa *.apk*. Ndani yake mna msimbo, picha na maelezo ya programu, vikiwa vimebanwa kwa mtindo wa ZIP. Mtengenezaji hulitia saini ya kidijitali. Mtu mwingine akibadilisha msimbo au picha, saini hailingani tena na yaliyomo.

Utendaji

Seva hulinganisha matoleo mawili na kuandika tofauti zake. Google Play ilitumia bsdiff, njia iliyobuniwa na Colin Percival mwaka 2003. Lakini badiliko dogo la msimbo huweza kubadilisha sehemu kubwa ya data iliyobanwa, na kiraka kikawa kikubwa.

Desemba 2016 Google ilitangaza njia ya kulinganisha faili kwa faili. Yaliyomo hufunguliwa kwanza, tofauti hutafutwa, kisha simu huyabana tena kama yalivyokuwa kwa mtengenezaji, baiti kwa baiti. Yasipolingana, saini hukataliwa.

Kwa maelezo ya Google, sasisho la namna hiyo ni dogo kuliko programu nzima kwa wastani wa asilimia 65. Kwa wastani huo, programu ya megabaiti 50 ingehitaji megabaiti 17.5 hivi. Kwa kuwa kubana upya huchosha prosesa, njia hiyo ilitengwa kwa masasisho ya kiotomatiki.

Umuhimu na usalama

Viraka humsaidia anayelipia intaneti kwa bando, awe Dar es Salaam au kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, mkoani Geita.

APK inayopokelewa kwa Bluetooth au kadi ya kumbukumbu ni faili zima, si kiraka. Android huikubali kuwa sasisho ikiwa tu imetiwa saini kwa ufunguo wa programu iliyopo na namba ya toleo si ya chini zaidi. Ikikataliwa, si salama kufuta programu ya zamani ili nakala hiyo iingie: data iliyohifadhiwa ndani yake huweza kupotea, na simu hukosa saini ya kulinganishia, hivyo nakala iliyochezewa huweza kupita.