Yezu Pekee: Utukufu wa Mungu Chini ya Mlima wa Moto



Yubile ni wakati wa kuhesabu. Tunafungua vitabu vya parokia, tunahesabu waliobatizwa na waliofunga ndoa, vijana waliopewa upadri na mabinti walioingia utawani. Hesabu hiyo ni ya haki, maana asiyekumbuka neema hawezi kushukuru. Lakini kuna swali ambalo vitabu vya parokia havina ukurasa wake: katika miaka hii yote, utukufu wa Mungu tumeutambua wapi, na tumaini letu tumeliegemeza juu ya nani?

Maswali hayo mawili kwa kweli ni moja. Katika Kiebrania cha Agano la Kale, neno tunalolitafsiri «utukufu» ni kabod, nalo latoka katika shina lenye maana ya uzito. Na binadamu huegemea kile anachokiona kuwa kizito. Aonaye uzito katika fedha ataegemea fedha; auonaye katika nguvu za wakubwa ataegemea wakubwa. Kwa hiyo kumtambua Mungu katika utukufu wake na kumtumaini Kristu ni tendo moja la moyo.

Mwinjili Matayo anasimulia jinsi Bwana alivyogeuka sura mlimani mbele ya wanafunzi watatu. Petro alipoona mwanga ule alitaka kujenga vibanda vitatu, ili utukufu ukae mahali alipouona. Wingu likashuka, hofu ikawaangusha chini; na walipoinua macho, Musa na Eliya hawakuwapo tena. Aliyebaki ni Yezu pekee. Sisi watu wa Goma tunaishi chini ya mlima, nasi tumejenga vibanda vingi. Historia ya mji wetu yaweza kusomwa kama historia ya vibanda vilivyobomoka mpaka tukajifunza kumtazama Yezu pekee. Tuisome hivyo, kwa ufupi.

I. Mlima na wazee wetu

Mlima Nyiragongo una urefu wa mita 3.470, nao umesimama upande wa kaskazini, mwendo wa kilomita zisizofika 20 toka mji. Kwa miaka mingi, usiku wingu lililo juu yake lilionekana jekundu, kwa sababu ya ziwa la moto lililochemka ndani yake. Wazee wetu waliliona jambo hilo, wakatetemeka. Wafuasi wa ibada ya Lyangombe, iliyoenea pande zote mbili za milima ya volkano, walisadiki kwamba waliowekwa katika ibada hiyo wangekwenda kupumzika Karisimbi pamoja na bwana wao, na wengine wangetupwa katika moto wa Nyiragongo.

Tusiwacheke. Wazee hao walijua kwamba binadamu siye mwenye dunia, na kwamba matendo yake yatapimwa. Hilo lilikuwa shamba lililokwisha kulimwa, likingoja mbegu. Ila waliuweka uzito katika kiumbe, na kiumbe kisicho na huruma hakimpi mtu tumaini. Kinampa hofu tu.

Mbegu ilifika polepole. Mwaka wa 1901 Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walianzisha misioni ya Nyundo, karibu na Gisenyi. Mwaka wa 1910 wakubwa wa Ulaya walipatana juu ya mipaka, na nchi ya milima yetu ikagawanywa. Mwaka wa 1929 Kivu ikawa Vikarieti ya kitume, na mwaka wa 1960, ule ule wa Uhuru, Goma ikapewa askofu wake wa kwanza, Mhashamu Joseph Busimba. Lakini waliotembea vilima kwa miguu, kijiji kwa kijiji, ni makatekista. Kwa Kingwana na kwa lugha za vijiji walifundisha jambo dogo lenye nguvu: mlima ni kiumbe, nao hauna hukumu juu ya roho ya mtu. Aliyeuumba ametupenda hata kufa msalabani. Aliyesadiki neno hilo aliweza kulala usiku chini ya wingu jekundu.

II. Picha iliyoshuka toka mawinguni

Baada ya mlima, kibanda cha pili kilikuwa utukufu wa mtawala. Wenye umri mkubwa wanakumbuka miaka ile. Mwaka wa 1971 nchi iliitwa Zaire, na mwaka wa 1972 majina ya Kikristu yakakatazwa. Kardinali Malula wa Kinshasa alilazimishwa kuondoka nchini kwa muda, na vyama vya vijana Wakatoliki vikazuiliwa ili vijana wote wawe wa chama kimoja cha taifa. Mwaka wa 1974 Noeli iliondolewa katika sikukuu za serikali. Mwisho wa mwaka huo shule za Eklezya zikatwaliwa, na ikaamriwa misalaba iondolewe katika nyumba za serikali, ibaki picha ya Raisi Mobutu tu. Kila jioni, kabla ya habari za televisheni, sura yake ilionekana ikishuka toka mawinguni. Hata waziri mmoja hakuona haya kumlinganisha na Masiya.

Hapo Eklezya ilijifunza kitu. Iliponyang'anywa shule na sauti yake mbele ya watu, ilibaki na jumuiya ndogo za Wakristu katika mitaa, ambamo jirani kumi au ishirini walisoma Injili pamoja, wakamtembelea mgonjwa, wakapatanisha waliogombana. Maaskofu wa Kongo walikuwa wamekwisha kuzianza jumuiya hizo. Miaka ya shida ilizitia mizizi. Mwaka wa 1977 shule zilirudishiwa Eklezya kwa mapatano. Mwaka wa 1997 mtawala yule alikimbia nchi yake, akafa ugenini mwaka huo huo. Picha iliyoshuka toka mawinguni haionekani tena. Jumuiya bado zinasali.

Naye Mungu alikuwa amekwisha kutuonyesha utukufu wa namna nyingine. Tarehe 1 Desemba 1964, katika mji wa Isiro, Sista Anuarite Nengapeta wa shirika la Jamaa Takatifu alikataa kumkosea Bwana aliyemwekea nadhiri, akauawa na mkubwa wa waasi Simba huku akimsamehe. Katika maisha yake ya kila siku alikuwa ametaka kumpendeza Yezu peke yake. Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri kule Kinshasa, mbele ya mkubwa yule wa nchi aliyekuwa amekataza majina ya watakatifu.

III. Moto, na sauti iliyo nyuma yake

Tarehe 10 Januari 1977 Nyiragongo ilipasuka ubavuni. Ziwa lake la moto likamwagika kwa muda usiofika saa moja, likashuka kwa mbio kuliko mtu aweza kukimbia, likaua watu wengi vijijini. Mji wenyewe uliokoka, na pengine tulianza kufikiri kwamba umekingwa.

Siku ya nne ya juma, tarehe 17 Januari 2002, ardhi ilipasuka tena. Safari hii moto ulipita katika uwanja wa ndege, ukaingia katikati ya mji, ukafika mpaka ziwani. Watu mamia ya maelfu walivuka mpaka wakakimbilia Gisenyi na mbali zaidi. Waliopoteza nyumba walipata 120.000 hivi. Na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kwa jasho la wazazi wetu, likaungua. Kuta zilisimama bila paa, na mahali pa mabenchi pakajaa mawe meusi.

Jambo hilo ndilo lililowaumiza Wakristu wengi. Waliweza kuelewa kwamba maduka yaungue. Lakini kwa nini nyumba ya Mungu? Jibu rahisi lilisikika mitaani: ni adhabu. Tujihadhari na jibu hilo. Bwana mwenyewe, alipowataja watu walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikana kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine, akawaita wote kutubu. Tukumbuke pia nabii Eliya kule Horebu: upepo mkali ulipita, tetemeko likapita, moto ukapita, na Bwana hakuwamo humo. Alikuja katika sauti ndogo ya upole. Ni nani awezaye kuelewa ukurasa huo kuliko mtu wa Goma, anayejua tetemeko na moto kwa majina yao?

Na sauti ya upole ilisikika. Siku chache tu baadaye watu walirudi, wakitembea juu ya mawe yaliyokuwa bado na joto. Aliyebaki na chumba kimoja alipokea jamaa mbili. Misa iliadhimishwa palipopatikana nafasi, na Ekaristi haikupungua utukufu kwa kukosa paa. Mawe yale yale yaliyobomoa nyumba yalivunjwa kwa nyundo yakajenga nyumba. Hapo tulielewa kwamba kanisa la mawe ni zawadi nzuri, tena tunapaswa kulijenga. Lakini hata hilo laweza kuwa kibanda cha Petro, tukilitazama zaidi kuliko tunavyomtazama yeye anayekaa ndani yake.

Tena siku ya posho, tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima ukawaka. Kesho yake ilikuwa Pentekoste. Moto ulisimama karibu na uwanja wa ndege, baada ya kuua makumi ya watu na kula mitaa ya upande wa kaskazini, na siku chache baadaye watu mamia ya maelfu waliamriwa kuhama. Eklezya yote iliomba moto wa Roho Mtakatifu siku ile. Huku kwetu iliombwa na watu waliokuwa wakikimbia na magodoro vichwani.

IV. Kijana wa mpakani

Kibanda cha tatu ni fedha, na juu ya hicho Mungu alituinulia shahidi toka mji wetu wenyewe. Floribert Bwana Chui bin Kositi alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisoma sheria, akajiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, akatumia jioni zake pamoja na watoto wa barabarani, wale ambao mji huwaita maibobo. Alipata kazi katika ofisi ya serikali inayopima bidhaa mpakani, OCC. Hapo ililetwa shehena ya chakula kilichoharibika. Walimpa fedha ili afumbe macho, akakataa. Walimtisha, akakataa. Wanaomfahamu wanashuhudia kwamba alifikiri hivi: fedha zingekwisha upesi, na waliokula chakula kile wangepatwa na nini? Akajiuliza kama anaishi kweli ndani ya Kristu. Mwaka wa 2007 alitekwa, akateswa, akauawa.

Tulio wengi tunajua matabishi ni nini. Tumezoea kusema kwamba bila hayo mtu haishi. Floribert alikuwa na sababu zote tulizo nazo: umri mdogo, kazi nzuri, mji wenye vita, wakubwa wasiohukumiwa. Aliweka vyote katika mzani, akaona kwamba Kristu ana uzito kuliko vyote. Papa Fransisko aliwataja vijana wa Kongo mfano wake kule Kinshasa mwezi wa Februari 2023. Alipotangazwa Mwenye Heri, tarehe 15 Juni 2025, Dominika ya Utatu Mtakatifu, ibada ilifanyika Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo. Mji wake ulikuwa umetekwa na waasi wa M23 mwezi wa Januari mwaka ule, na vita vilizuia sherehe kufanyika kwetu. Hata heshima ya kumshangilia nyumbani ilitwaliwa. Utukufu wake haukutwaliwa.

V. Yubile yatudai nini

Wengine watauliza: tukisema «Yezu pekee», watakatifu na Mama Maria tunawaweka wapi? Tunawaweka pale wanapojiweka wenyewe. Kule Kana Mama Maria aliwaelekeza watumishi kwa Mwanawe. Anuarite na Floribert wanatuelekeza kwake vilevile. Mtakatifu hasimami kati yetu na Kristu kama ukuta. Ni dirisha, na dirisha hufaa kwa sababu mwanga unapita.

Bali kuna vitu vinavyosimama kama ukuta, navyo tuviseme wazi siku ya furaha. Kuna mwenye kuvaa rozari shingoni na hirizi kiunoni. Kuna anayepokea Komunyo Dominika, na siku ya kwanza anaweka sahihi juu ya uongo. Kuna anayesali kwa Kristu na kumtumaini mtu wa kabila lake mwenye bunduki. Watu hao hatuna haja ya kuwatafuta mbali. Kila mmoja wetu ana kibanda chake, na Yubile ndiyo saa ya kukibomoa kwa hiari, kabla moto haujakibomoa.

Basi tuinue macho kama wale wanafunzi watatu. Mlima ungali pale pale, vita vimetuchosha, na mfuko ni mwepesi. Bwana aliwagusa waliolala kifudifudi, akawaambia wainuke wala wasiogope, kisha akashuka pamoja nao mlimani, kuelekea Yeruzalemu na msalaba. Ndivyo anavyoshuka nasi pia katika mitaa ya mawe meusi. Kwake yeye uwe utukufu katika Eklezya, leo na katika Yubile zote zitakazokuja, milele na milele. Amina.