Ufa wa Dirisha

Empire State Building lilijengwa kwa haraka ya watu wanaoshindana. Ujenzi ulianza Machi 1930, na tarehe 1 Mei 1931 Rais Herbert Hoover akabonyeza kitufe akiwa Washington kuashiria kuwashwa kwa taa zake kule New York. Lilikuwa na orofa 102, na kwa urefu lilikuwa limeliacha nyuma Chrysler Building, lililomalizwa mwaka mmoja tu kabla. Watu walihesabu orofa, tani za chuma na siku za kazi. Hesabu ya jengo lenyewe litakula moto na stima kiasi gani kila mwaka haikumnyima mtu usingizi.

Siwalaumu. Wakati ule makaa ya mawe na mafuta yalikuwa bei rahisi, na chini ya barabara za Manhattan kulikuwa na mabomba ya mvuke yaliyokuwa yakipasha majengo joto tangu 1882. Joto la kiangazi likizidi, unafungua dirisha, maana jengo halikujengwa na mitambo ya kupoza hewa. Tena uchumi ulikuwa umeanguka. Ofisi nyingi zilikaa bila wapangaji hadi watu wa mji wakaligeuza jina, wakaliita Empty State Building, yaani jengo tupu. Mwenye jengo anayetafuta mpangaji kwa tochi hana muda wa kuwazia ufa wa dirisha.

Miaka ikasonga, wapangaji wakaja, na kila kizazi kikaja na mzigo wake. Mitambo ya kupoza hewa ikaingizwa ndani ya jengo ambalo halikupangiwa. Zikafuata mashine za kunakili, halafu kompyuta kwenye kila meza. Mapya yakawekwa juu ya ya zamani, na mvuke ukaendelea kupanda ukutani huku sehemu ya joto lake ikipasha baridi ya nje.

Mwaka 2009 ndipo hesabu ilipofanywa kwa uzito. Anthony Malkin, ambaye kampuni ya familia yake ilikuwa ikilisimamia jengo, tayari alikuwa na mpango wa ukarabati wa zaidi ya dola milioni 500. Wataalamu waliitwa wakaambiwa watafute njia za kupunguza nishati ndani ya mpango huohuo. Walipima mawazo zaidi ya 60, wakabaki na 8. Gharama ya ziada, yaani ile ambayo isingetumika kama wangekarabati kienyeji tu, ilikuwa kama dola milioni 13.2.

Kitu kilichonivutia katika hadithi hii nzima ni madirisha. Jengo lina 6,514. Ungetarajia yang'olewe, yatupwe, yaagizwe mapya kwa meli. Badala yake walifungua karakana ndani ya jengo lenyewe, orofa ya 5. Usiku wafanyakazi walikuwa wakitoa vioo, wanavishusha, wanavisafisha, wanaweka utando mwembamba katikati ya vioo viwili na kujaza gesi inayozuia joto kupita, kisha vinarudishwa palepale. Karibu vioo vyote vya zamani vilitumika tena. Nyuma ya radieta zaidi ya 6,000 waliweka kinga ya kurudisha joto chumbani, lisipotelee ukutani.

Ni kazi ya fundi wa mtaa, ukiitazama vizuri. Lakini mpangilio wake ndio uliokuwa na akili. Mitambo ya kupoza hewa ilikuwa imezeeka, na mpango wa awali ulikuwa kununua mipya, tena mikubwa zaidi. Baada ya madirisha kuzuia joto na taa kupunguzwa, ikaonekana jengo halihitaji tena baridi nyingi hivyo. Mitambo ya zamani ikafanyiwa marekebisho tu, na mamilioni ya dola yakabaki mfukoni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa waliziba ufa, na ukuta hawakuujenga.

Makadirio yalikuwa kwamba matumizi ya nishati yangeshuka kwa asilimia 38, jengo liokoe dola milioni 4.4 kwa mwaka, na tani 105,000 za kaboni dioksidi zizuiwe kwa miaka 15. Mwaka wa kwanza, wakati baadhi ya kazi ilikuwa bado haijaisha, akiba ilifika dola milioni 2.4, juu kidogo ya walivyoahidiwa.

Sasa kama faida ni tamu hivyo, mbona kila mwenye jengo hakukimbilia? Mimi ni mpangaji Nairobi, kwa hivyo hapa sihitaji kuelezewa sana. Landilodi ndiye aliyechagua hita ya bafuni inayomeza stima, mimi ndiye ninayenunua tokeni. Yeye akiweka bora, anayeokoa pesa ni mimi. Nikiweka mimi, siku nikihama namwachia. Kwa hivyo tunatazamana tu. Kule Empire State walilazimika kulikabili jambo hilo: wapangaji waliwekewa njia ya kuona matumizi yao wenyewe, na ofisi mpya zikapewa mwongozo wa taa na vifaa visivyokula sana.

Mji wenyewe haukungoja wema wa wenye majengo. Majengo ndiyo yanayotoa karibu theluthi mbili ya gesi chafu za New York, kuliko magari. Mwaka 2019 baraza la mji lilipitisha sheria inayoweka kikomo cha kaboni kwa majengo mengi makubwa kuanzia 2024, na kikomo hicho kinakazwa 2030. Ukipita, faini ni dola 268 kwa kila tani ya ziada. Baadhi ya wenye majengo walikimbilia kortini kuipinga. Tena tangu 2020 majengo makubwa hubandika mlangoni herufi ya alama yao ya nishati, kama mtoto wa shule aliyelazimishwa kutembea na ripoti kifuani.

Kuichukua hesabu hiyo na kuibandika Nairobi itakuwa uvivu. Sisi hatupashi majengo joto kwa mvuke, na karibu asilimia 90 ya stima yetu inatoka kwa jotoardhi ya Olkaria na kwingineko, maji, upepo na jua. Kaboni ya jengo letu iko zaidi kwenye dizeli ya jenereta stima ikipotea, na kwenye saruji. Saruji huanza kwa kuchoma mawe ya chokaa kwenye nyuzi 1,450 hivi, na mawe yenyewe hutoa kaboni dioksidi yakichomwa, hata moto uwe safi namna gani. Kwa hivyo somo la karakana ya orofa ya 5 linatuhusu kuliko zile asilimia 38. Kila tunapobomoa jengo zima la zamani ili tusimamishe la vioo litakalohitaji kupozwa katika mji ambao kufungua dirisha kunatosha siku nyingi za mwaka, tunalipa kaboni mara mbili.

Na si kwamba hatuna sheria. Kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 zinataka kila jengo au kiwanda kinachotumia zaidi ya kilowati-saa 180,000 kwa mwaka kikaguliwe kila miaka 3, na angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa itekelezwe. Ukaguzi huo unahusu majengo tunamofanya kazi, tunamonunua nguo, tunamopanda lifti. Bado sijawahi kuona matokeo yake yamebandikwa kwenye mlango wowote jijini. Ningependa kuyaona, niyasome kabla sijaingia, kama ninavyosoma bei kabla sijalipa.