Kuacha Tumbaku: Katazo na Mkono wa Ndugu



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tunawatafakari waamini wenzetu walioacha sigara, wakarudia, na sasa wanaona aibu hata kukiri kwamba wamerudia. Historia ya Kanisa ina la kutufundisha juu yao.

Tumbaku ilipofika Ulaya kutoka Amerika, haikuishia mlangoni pa kanisa. Watu walinusa ugoro hata wakati wa ibada. Mwaka 1642 Papa Urbano VIII alitishia kuwatenga na Kanisa wote wanaotumia tumbaku ndani ya makanisa ya Jimbo la Sevilla, Hispania. Mwaka 1650 Papa Inosenti X akatoa katazo kama hilo kwa Basilika la Mtakatifu Petro, nalo likaondolewa na Papa Benedikto XIII mwaka 1725. Katazo lilikusudia kulinda heshima ya mahali patakatifu. Hata hivyo, tishio peke yake halimpi mvutaji nguvu ya kuacha.

Tumtazame sasa Matt Talbot, kibarua wa Dublin, Ireland, aliyezaliwa mwaka 1856 na kunaswa na ulevi tangu utoto. Mwaka 1884 aliamua kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama yake alimruhusu aende, ila asiahidi kama hakukusudia kutimiza. Padre mmoja wa Seminari ya Holy Cross, Clonliffe, alipokea ahadi yake: miezi 3 tu! Ilipokwisha aliirudia, na hatimaye akaahidi kwa maisha yote, akitegemezwa na Misa ya kila siku.

Baadaye aliacha na tumbaku. Husimuliwa kwamba mfanyakazi mwenzake alimwomba tumbaku kidogo, naye akampa kiko na tumbaku yote, asivute tena. Wanaosimulia maisha yake husema kuacha tumbaku kulimgharimu kuliko kuacha pombe. Alifariki mwaka 1925 akiwa njiani kwenda Misa, na mwaka 1975 Papa Paulo VI alitambua fadhila zake za kishujaa.

Si kila mtu ataacha kwa siku moja. Nikotini huufunga mwili, na wengi hujaribu mara nyingi kabla ya kufaulu. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unashauri mvutaji apewe dawa pamoja na ushauri. Kwenda kwa mganga si upungufu wa imani.

Basi, anayerudia sigara tusimcheke wala kumhesabia mianguko. Petro naye alitaka kuhesabu mara za kusamehe, Bwana akamfutia hesabu hiyo. Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, tumwulize ndugu yetu ataanza tena siku gani, kisha siku hiyo tumtembelee na kusali naye. Miezi 3 ya kwanza isimkute peke yake.

Mungu awabariki.