Damu, Maji ya Ubatizo na Neno la Mungu



Katika tafakari ya wiki hii napenda tulitazame swali ambalo kila Mkristo hulijibu, ama kwa kinywa chake ama kwa matendo yake: ni sauti ya nani iliyo na neno la mwisho katika maisha yangu ya kila siku? Sote twakiri kwamba Maandiko Matakatifu ni Neno la Mungu. Kila Dominika msomaji anapomaliza somo, twaitikia kwa shukrani. Lakini Jumatatu, linapozuka shauri la mpaka wa shamba, la urithi wa mjane au la jirani asiye wa ukoo wetu, ni nani anayesikilizwa kwanza? Historia ya nchi yetu hii ya mpakani imelijibu swali hilo mara mbili. Jibu moja latutisha, na jingine latutia moyo.

Tuanze na namna tulivyolipokea Neno. Injili ilifika katika nchi za Maziwa Makuu kwa mikono ya Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Lavigerie kule Algiers mwaka 1868. Mwezi Februari 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans walifika Buganda. Mwaka 1892 ikaanzishwa misheni ya Kashozi karibu na Bukoba. Lavigerie alidai ukatekumeni wa miaka minne kabla ya ubatizo, na utaratibu huo ulizaa Wakristo imara. Mashahidi wa Uganda waliouawa kati ya 1885 na 1887 ni uthibitisho wa kutosha.

Hata hivyo, kitabu alichokishika mkatekumeni wa siku zile kilikuwa katekisimu. Aliyajua kwa moyo maswali na majibu yake, lakini Injili aliisikia kanisani tu, kwanza kwa Kilatini, kisha katika maelezo ya padre. Katika kazi ya kutafsiri Biblia, ndugu zetu wa madhehebu mengine walitutangulia, nasi tuna deni la shukrani kwao. Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili huko Mombasa mwaka 1844, na Askofu Steere wa Unguja akaweka msingi wa Biblia nzima ya Kiswahili, iliyokamilika baada ya kifo chake.

Badiliko kubwa kwetu Wakatoliki lilikuja tarehe 18 Novemba 1965, Papa Paulo VI alipotangaza hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Ufunuo, iitwayo Dei Verbum. Hati hiyo yafundisha mambo matatu ambayo ni vema tuyashike. Kwanza, Kanisa limeyaheshimu daima Maandiko kama linavyouheshimu Mwili wa Bwana. Pili, waamini wote wafunguliwe mlango mpana wa kuyafikia Maandiko hayo. Tatu, mamlaka fundishi ya Kanisa haikai juu ya Neno la Mungu, bali hulitumikia. Sisi hatulitengi Andiko na Mapokeo, wala hatusemi kila mtu ajitafsirie apendavyo. Lakini pia hakuna mtu katika Kanisa, awe askofu, padre au katekista, aliyewekwa juu ya Neno.

Katika jimbo letu, ambalo liliitwa Rulenge tangu 1960 na tangu 2008 laitwa Rulenge-Ngara, mafundisho hayo yalimpata mchungaji aliyeyachukua kwa uzito. Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza jimbo kutoka 1969 hadi 1996, hakuridhika na imani ya Dominika peke yake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 alijiunga na maisha ya kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akiamini kwamba Mungu mmoja katika Nafsi tatu anatualika kushirikishana maisha, kazi na mali. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, waliokutana Nairobi, walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Tangu hapo Injili ilitoka altareni ikaingia sebuleni na chini ya migomba. Watu wa nyumba chache hukusanyika, husoma, hushirikishana, kisha huamua watafanya nini juma hilo.

Kisha ukaja mtihani.

Mwezi Aprili 1994, ng'ambo ya mto Kagera, nchi iliyohesabiwa kuwa miongoni mwa nchi za Kikatoliki zaidi barani Afrika iliingia katika mauaji ya kimbari. Kwa muda wa siku mia moja hivi waliuawa watu wapatao 800,000. Katika parokia ya Nyarubuye, isiyo mbali na mpaka wetu, maelfu waliokimbilia kanisani waliuawa humo humo, na miongoni mwa wauaji walikuwamo Wakristo waliobatizwa. Maji ya Kagera yalibeba miili hadi Ziwa Viktoria.

Siku hizo hizo, kuanzia tarehe 10 Aprili hadi 8 Mei 1994, maaskofu walikuwa Roma katika Sinodi ya Afrika, wakilitafakari Kanisa kama Familia ya Mungu. Humo Askofu Albert Obiefuna wa Awka, Nigeria, aliwakumbusha wenzake jambo chungu: mambo yanapokuwa magumu, wengi wetu hatufuati fundisho hilo la Kanisa kama familia, bali twafuata msemo kwamba damu ni nzito kuliko maji, hata kuliko maji ya ubatizo. Msemo huo sisi Waswahili twaujua vizuri. Lakini katika Luka 8:21 Bwana wetu alikwisha kuujibu, aliposema kwamba mama yake na ndugu zake ni wale walisikiao Neno la Mungu na kulitenda. Kwa Mkristo, undugu unaanzia katika Neno. Pale Rwanda Neno lilisikika katika kila kigango, lakini ilipofika saa ya kuamua, wengi waliitii sauti ya redio na ya kiongozi wa mtaa. Mwezi Novemba 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha kwa dhambi za wana wa Kanisa katika mauaji hayo, na tarehe 20 Machi 2017 Papa Fransisko akaomba msamaha wa Mungu kwa ajili hiyo hiyo.

Nasi huku tulipata sehemu yetu ya mtihani. Tarehe 28 Aprili 1994, katika muda wa takriban saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Kambi ya Benako ikawa mji, na wageni wakawazidi wenyeji kwa idadi. Katika umati huo walikuwamo watoto wasio na hatia, na walikuwamo pia watu wenye damu mikononi. Misitu ilikatwa kwa ajili ya kuni, mashamba yaliibiwa, na hofu iliingia vijijini. Methali yetu yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa walikaa hadi Desemba 1996, serikali ilipowarudisha kwao.

Katika miezi ile, Mathayo 25:35 haikuwa tena mapambo ya mahubiri. Kumkaribisha mgeni kulimaanisha debe la maharage, mkungu wa ndizi, kisima na nafasi ya kulala. Walikuwapo waliotoa, na walikuwapo waliouza kwa bei ya kunyonya. Wote walikuwa wamelisikia Andiko lile lile. Tena mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga iliyowaondoa mkoani Kagera watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu, swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni lilirudi mlangoni mwetu. Serikali ina haki ya kulinda mipaka. Lakini Mkristo aliyetamani shamba au ng'ombe wa jirani yake alipaswa kuisoma kwanza Walawi 19:33-34, ambamo Mungu anawaamuru Waisraeli wampende mgeni kama nafsi zao, kwa kuwa nao walikuwa wageni Misri.

Jibu la kutia moyo lilitoka Burundi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliivamia Seminari Ndogo ya Buta, katika jimbo la Bururi. Wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande huu. Vijana wakakataa. Waseminari 40 waliuawa wakiwa pamoja. Gombera wao, Padre Zacharie Bukuru, ambaye alinusurika, ameeleza jinsi walivyokuwa wametoka kwenye mafungo muda mfupi kabla ya siku ile, na jinsi seminari ilivyowalea kwa miaka wasali, wale na kuzungumza pamoja bila kuficha hofu zao. Mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza wenye heri.

Ndugu zangu, tulitazame jambo hili kwa makini. Vijana wale hawakupata nafasi ya kufungua kitabu na kutafuta sura. Wagalatia 3:28, panaposema kwamba katika Kristo hakuna tena Myahudi wala Myunani, palikuwa pameshakuwa tabia yao. Mamlaka ya Neno hujengwa katika siku za amani, kwa mambo madogo, ili siku ya hatari likutwe limeshaota mizizi. Asiyelitii Neno katika ugomvi wa mpaka wa shamba hatalitii mbele ya panga.

Kwa hiyo tusiiache Biblia ilale kabatini ikingojea mazishi. Mtoto anapougua na ndugu wakaanza kumtaja bibi fulani kuwa mchawi, tuulize kwanza Neno lasema nini juu ya kumshuhudia jirani uongo. Ukoo unapokaa kugawa mali ya marehemu, mmoja asome Kutoka 22:21-23, juu ya mjane na yatima, kabla ya kikao kuanza. Katika jumuiya zetu tuzifuate kwa uaminifu zile hatua saba zilizoandaliwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyotugusa, kunyamaza, kushirikishana, kuamua tendo, na kusali. Jumuiya nyingi huifikia hatua ya tano zikachoka, na ile ya sita, ya tendo, hurukwa. Mtume Yakobo (1:22-24) amfananisha mtu wa namna hiyo na yule ajitazamaye katika kioo, kisha akaenda zake na kusahau sura yake.

Juma hili kila jumuiya ichague tendo moja, dogo na la kweli, kwa ajili ya mtu asiye wa damu yetu. Katika mkutano unaofuata, kabla ya kusoma Injili mpya, tuulizane kama tumelitenda.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.