Degedege, Lugha na Mahabusi Kijana: Kwa Nini Uchunguzi Uanzie Garsen, Si Shimo la Tewa

Tangu Carol Bower na wenzake walipotoa, mwaka 2018, taarifa yao juu ya vijana 99 waliohukumiwa kifungo na kuwekwa Banksia Hill, Australia ya Magharibi, imekuwa ada ya kila azungumzaye habari za mahabusi vijana kuitaja: kwamba 89 katika kila mia walionekana na upungufu mkubwa, walau wa namna moja, katika kazi za ubongo, na kwamba 36 katika kila mia walikuwa na madhara ya pombe iliyowafikia wangali matumboni mwa mama zao. Sina ugomvi na hesabu hizo. Ugomvi wangu ni na wale wanaotaka taarifa hiyo ichukuliwe nzima nzima, pamoja na maswali yake na wakati wake wa kuuliza, ambao ni baada ya hukumu, ipandikizwe pwani yetu ya Kenya, kana kwamba mtoto wa Tana River amezaliwa Perth.

Kwamba upungufu huu huonekana zaidi miongoni mwa vijana waliofungwa kuliko wenzao walio huru, hilo halina mzozo mkubwa baina ya wataalamu. Lenye mzozo ni chanzo, na chanzo ndicho kinachotufundisha la kuuliza. Dalili bora tuliyo nayo imo Kilifi, jirani ya Tana River, ambako Mung'ala-Odera na wenzake waliwapima watoto 10,218 wa umri wa miaka 6 hadi 9, kwanza kwa kuwauliza wazazi maswali kumi mepesi, kisha kwa kuwapeleka kwa matabibu wale waliotiliwa shaka pamoja na baadhi ya wasiotiliwa. Na taarifa yao ya mwaka 2006 ikaonyesha watoto 61 katika kila elfu wenye upungufu wa wastani au mkubwa, kifafa kikitangulia, na upungufu wa akili ukifuatia. Wachunguzi wengine wa huko huko wakaonyesha kwamba malaria kali, hasa ile inayopanda ubongoni, huwaachia baadhi ya wanaopona taksiri ya lugha, kumbukumbu na uangalifu, nayo aghalabu haionekani kwa macho. Sasa mama wa delta ya Tana ukimuuliza kama mwanawe alipata malaria ya ubongo, atakutazama tu. Lakini ukimuuliza kama alishikwa na degedege, atakutajia mwaka, na mvua za mwaka huo, na aliyemfukizia mtoto moshi. Swali hilo moja, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko kurasa nyingi za vipimo vya kigeni.

Walakini mama huyo yuko wapi? Yuko Garsen, au Hola, au malishoni. Ilhali kijana wa miaka 15 hadi 17 aliyehukumiwa aweza kupelekwa chuo cha Borstal cha Shimo la Tewa, safari ya karibu kilomita 200 kutoka Garsen, ambako hakuna wa kujibu kwa niaba yake. Fauka ya hayo, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imekwisha kumwondolea jinai mtoto asiyefika miaka 12, na aliye chini ya 14 inamchukulia kuwa hapambanui jema na baya mpaka mahakama iridhishwe kwa ushahidi. Ushahidi wa namna gani, na utaletwa na nani, kama uchunguzi unangojea hukumu?

Kisha kuna lugha. Kijana wa Kiorma aliyekulia nyuma ya ng'ombe, akipimwa kwa Kiswahili, au hata kwa Kipokomo cha jirani zake, ataonekana mzito wa fahamu kwa sababu tu lugha yake si ya Kibantu, na karatasi itaandika upungufu mahali palipokosekana mkalimani. Kosa hilo ni baya kuliko kutopima kabisa.

Nimeambiwa kwamba kumpa kijana jina la upungufu ni kumtia hatarini, na hoja hii nzito siwezi kuipuuza, maana kifungu cha 167 cha Kanuni za Utaratibu wa Jinai kiliruhusu asiyeweza kufuata mashtaka azuiliwe kwa ridhaa ya Rais, bila muda maalumu, na majaji kadhaa wamekilaumu. Lakini hatari hiyo imo katika sheria, nayo dawa yake ni kuirekebisha, si kumwacha hakimu gizani. Ama hoja ya uhaba wa mabingwa, maswali kumi ya Kilifi hayakuhitaji bingwa kuyauliza. Na ingawa yalitungwa kwa watoto wadogo, yaweza kutengenezwa upya kwa vijana.

Basi nawasihi wenye kuendesha mahakama za Garsen: kabla kijana hajaulizwa kama anakiri au anakana, aitwe mzazi wake, na mkalimani wa lugha yake, na mzazi huyo aulizwe habari za degedege.