CD ya harusi na vijiti vya dhahabu

Leo tuache programu kidogo, tuzungumze historia.

Juzi nilikuwa nyumbani Salama, kando ya barabara ya Mombasa, mama akanipa CD ya picha za harusi ya shangazi, ya mwaka 2006. "Si wewe ni mtu wa kompyuta? Zitoe hizo picha." Kompyuta ikaizungusha, ikanguruma, ikaitema. Tukaweka albamu ya nyimbo iliyotoka kiwandani miaka hiyo hiyo. Ikaimba vizuri tu.

Kwa nini? CD ya kiwandani, ile walioileta Philips na Sony mwaka 1982, data zake ni vishimo vilivyogandamizwa kwenye plastiki na kufunikwa kwa alumini. CD ya kuchoma (CD-R) haina vishimo hivyo. Ina utando mwembamba wa rangi, haufiki hata mikroni moja, na leza huunguza alama ndani yake. Rangi huharibiwa na jua na joto, kama shati linavyopauka kwenye kamba. Yetu ilikaa miaka juu ya TV, karibu na dirisha. Jua la Ukambani mnalijua.

Watafiti nao walikuwa wakisaka utando bora. Mei 2009, Peter Zijlstra, James Chon na Min Gu wa Chuo Kikuu cha Swinburne, Australia, walieleza utando wao katika jarida la Nature: plastiki iliyochanganywa na vijiti vya dhahabu vya kipimo cha nano. Mchanganyiko wa namna hii huitwa nanokompositi. Kijiti huyeyuka na kubadili umbo pale tu rangi ya leza na mwelekeo wa mawimbi yake vinapolingana nacho; vingine havishtuki. Kwa rangi tatu na mielekeo miwili, sehemu moja ilibeba picha sita! Walikadiria terabaiti 1.6 kwenye diski ya ukubwa wa DVD, yaani zaidi ya CD 2,000 za megabaiti 700.

Lakini tarehe 23 Julai mwaka huo huo, kebo ya SEACOM ikazinduliwa Mombasa. Ya dhahabu ikabaki maabara, intaneti ikatufikia. Hata Canonical, waliokuwa wakituma CD za Ubuntu bure kwa posta, waliacha mwaka 2011. Nami nilishangilia, ila kebo husafirisha tu, haihifadhi.

Min Gu hakuchoka. Februari 2024, yeye na wenzake wa Shanghai walionyesha diski ya tabaka 100, petabiti 1.6. (Ni biti, si baiti! Gawanya kwa nane: terabaiti 200.) Dukani bado.

CD ya harusi nimeijaribu kwenye kompyuta tatu. Ya tatu, kuukuu kabisa, imetoa picha 14. Shangazi yumo kwenye mbili.