Hukumu ya Dodoma iliyofika New York: kwa nini waliolipua balozi hawakunyongwa

Kila Agosti 7 watu hurudi kwenye bustani ya kumbukumbu iliyopo kona ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue jijini Nairobi, mahali uliposimama ubalozi wa Marekani. Husoma majina yaliyochongwa ukutani, huweka maua. Na kila mwaka kuna swali lisilochoka kuulizwa: waliofanya unyama huu, mbona bado wanapumua?

Anayeuliza hivyo ana haki ya kuuliza. Jibu lake lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo iliandikwa nyumbani kwetu, Dodoma, ingawa ni wachache wanaoikumbuka.

Mkasa wenyewe unajulikana. Ijumaa ya Agosti 7, 1998, yapata saa nne na nusu asubuhi, magari mawili yaliyosheheni mabomu yalilipuka kwa kupishana dakika chache, moja Nairobi na jingine Dar es Salaam. Watu 224 walikufa, 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Maelfu walijeruhiwa, wengi wao wakipigwa usoni na vioo vya madirisha. Al-Qaeda ya Osama bin Laden ndiyo iliyopanga.

Miongoni mwa waliosakwa alikuwamo kijana wa Zanzibar, Khalfan Khamis Mohamed. Yeye ndiye aliyepanga nyumba ya Ilala ambamo bomu la Dar es Salaam liliundwa, akasaidia kusaga baruti na kuipakia kwenye lori. Baada ya hapo alitoroka kwa pasipoti yenye jina lisilo lake, akapita Msumbiji hadi Cape Town. Huko aliomba hifadhi ya ukimbizi kwa jina hilohilo la uongo, akapata kazi katika mgahawa wa baga. Aliishi hivyo zaidi ya mwaka mmoja.

Oktoba 5, 1999, maofisa wa uhamiaji wa Afrika Kusini, wakishirikiana na makachero wa FBI, walimkamata. Kesho yake alikuwa ndani ya ndege kuelekea New York. Hakupelekwa mbele ya hakimu wala hakuonana na wakili. Hakuna aliyewauliza Wamarekani: mtamnyonga au hamtamnyonga?

Swali hilo halikuwa la urasimu. Mamdouh Mahmud Salim, mshtakiwa mwingine katika kesi ya milipuko hiyo, alikamatwa Ujerumani mwaka 1998. Wajerumani walikubali kumtoa baada tu ya Marekani kuahidi kwamba hatahukumiwa kifo. Afrika Kusini, nchi iliyokuwa imeifuta adhabu hiyo kwa nguvu kuliko nyingi, ilimkabidhi Mzanzibari huyu kama mzigo.

Mawakili wa Khalfan wakaipeleka serikali ya Afrika Kusini mahakamani. Mahakama Kuu ya Cape iliwakatalia, wakapanda hadi Mahakama ya Katiba, Johannesburg. Serikali ilijitetea kwamba huyu alikuwa mhamiaji haramu aliyefukuzwa tu nchini, na kwamba yeye mwenyewe aliridhia kwenda Marekani. Hukumu ya majaji ninayo mezani, na kila ninapoirudia nashangazwa na uwazi wake. Walisema mhamiaji haramu hurudishwa alikotoka, na huyu alikuwa Mtanzania. Sheria haikuruhusu afukuziwe Marekani. Ridhaa ya mtu asiyeelezwa haki zake si ridhaa. Na serikali inayojua kwamba mtu anakwenda kukabili kifo lazima kwanza idai ahadi kwamba hatauawa, hata awe ameshtakiwa kwa uovu wa kiwango gani. Walikumbusha pia kwamba serikali ni mwalimu wa raia wake: ikivunja sheria, inawafundisha kuivunja.

Msingi wa msimamo huo uliwekwa Juni 1995, katika kesi ya Makwanyane, mahakama hiyohiyo ilipoifuta adhabu ya kifo Afrika Kusini. Kati ya majaji 11 wa siku hiyo alikuwamo Albie Sachs, aliyepoteza mkono mmoja na uwezo wa jicho moja kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake jijini Maputo mwaka 1988. Mtu huyo aliujua ugaidi kwa mwili wake, na bado alikataa serikali iue.

Na humo ndani ya Makwanyane imo Tanzania. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, akiwa Dodoma, aliamua katika kesi ya Mbushuu kwamba kunyonga ni adhabu ya kikatili inayomdhalilisha binadamu na inayokwenda kinyume na Katiba. Mwanzoni mwa 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ya kikatili, ila ikasema Katiba inaivumilia kwa maslahi ya umma, ikairudisha. Jaji Arthur Chaskalson alizijadili hukumu zote mbili alipoandika Makwanyane. Kwa hiyo hoja iliyoshindwa kwetu ilisomwa Johannesburg, na miaka sita baadaye mahakama ileile ikasimama kumtetea Mtanzania.

Hukumu ya Johannesburg ilitolewa Jumatatu, Mei 28, 2001, ikaamriwa ipelekwe haraka mahakamani New York. Jumanne, Mei 29, wananchi 12 wa juri huko Manhattan waliwatia hatiani washtakiwa wote wanne, Khalfan akiwamo, kwa mashtaka yote 302. Jaji Leonard Sand alikataa kuiondoa adhabu ya kifo kwa sababu ya hukumu ya Afrika Kusini. Uamuzi ukabaki kwa wale 12, na sheria iliwataka wakubaliane wote.

Wakati ule Marekani ilikuwa na hasira ya kuua. Juni 11 Timothy McVeigh, aliyeua watu 168 Oklahoma City, aliuawa kwa sindano ya sumu. Siku iliyofuata juri lilishindwa kukubaliana kuhusu mshtakiwa mwenzake Khalfan, Mohamed al-Owhali, aliyefika ubalozini Nairobi ndani ya lori la bomu na akakimbia. Wajumbe 10 kati ya 12 waliandika kwamba kumuua kungemfanya shahidi machoni pa wenzake. Watano waliona kifungo cha maisha ni adhabu kali zaidi.

Kwa Khalfan waendesha mashtaka walileta kisa cha Novemba 2000, pale Salim, aliyefungwa naye chumba kimoja, alipomchoma mlinzi jichoni kwa kitana kilichonolewa. Mtu kama huyu, walisema, ni hatari hata gerezani. Julai 10 juri liligawanyika tena.

Wote wanne walihukumiwa kifungo cha maisha Oktoba 18, 2001, wiki tano baada ya majengo pacha kuanguka karibu na mahakama hiyo. Kila mmoja aliamriwa kulipa fidia ya dola milioni 33, milioni 7 kwa familia za waliokufa na milioni 26 kwa serikali ya Marekani. Mgawanyo huo unaniuma hadi leo.

Mzanzibari mwingine, Ahmed Ghailani, alihukumiwa maisha mwaka 2011 baada ya kupita katika magereza ya siri ya CIA na Guantanamo. Shahidi muhimu dhidi yake alikataliwa kwa sababu jina lake lilipatikana kwa mateso, na Ghailani akatiwa hatiani kwa shtaka moja kati ya zaidi ya 280.

Kwetu mambo yamekwenda polepole. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta ulazima wa adhabu ya kifo kwa wauaji, katika kesi ya Muruatetu. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika, yenye makao yake Arusha, iliiambia Tanzania vivyo hivyo.

Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, pana mnara wa waliokufa Agosti 7. Nakala ya hukumu ya Jaji Mwalusanya ingestahili kuwekwa jirani nao, mahali ambapo wanafunzi wanaopita wangeweza kuisoma.